Faili Isiyoonekana na Majina ya Wahami

BARUMBU, Tshopo. – Orodha ya wahami huanzia kwenye daftari. Mtu anakaa mezani, chini ya mti au katika darasa lililogeuzwa kuwa malalo, anaandika jina la baba wa familia, jina la mama, hesabu ya watoto, kijiji walichotoka na namba ya simu ikiwa ipo. Jioni daftari linapigwa picha ili mvua isije ikaliharibu. Picha zinatumwa kwa kijana wa shirika au wa redio anayejua mambo ya intaneti, naye anaziweka ndani ya folda moja ya tovuti yao, kwa sababu wenzake walioko Kisangani na Kinshasa wanazihitaji kesho asubuhi.

Hapo ndipo daftari linapobadilika. Lililokuwa mikononi mwa mtu mmoja sasa limo ndani ya mashine iliyo mbali, pengine Ulaya au Marekani, na kinacholizuia lisisomwe na yeyote ni faili ndogo ya mistari michache ambayo kijana mwenyewe huenda hajawahi kuiona. Jina lake ni .htaccess. Linaanza na nukta, na kwa sababu ya nukta hiyo mara nyingi halionekani.

Katika Tshopo jambo hili si la mafundi peke yao. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliowaka katika tarafa ya Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, umetoa familia nyingi katika nyumba zao. Wengine walivuka kuja ng'ambo ya pili wakapokelewa shuleni, makanisani na kwa ndugu. Katika ugomvi wa namna hiyo jina la mtu linasema mengi: linasema kabila, na likiandikwa pamoja na kijiji na mahali anapolala sasa, linasema pia njia ya kumfikia. Orodha ileile inayomsaidia mama kupata mgao wa unga na turubai inaweza kumsaidia adui yake kujua amelala wapi.

Kwanza ieleweke tovuti ndogo hukaa wapi. Redio ya mtaani au chama cha wamama hakina fedha za kununua seva yake. Kinakodi nafasi kwenye seva ya pamoja, yaani mashine moja yenye tovuti mamia ndani yake. Watu wa Kisangani wataelewa upesi wakiifikiria kama parsele. Mwenye parsele ana geti, ukuta na kisima. Ndani mna wapangaji wengi, kila mmoja na chumba chake. Mpangaji hawezi kuhamisha geti wala kubadilisha ukuta, lakini anaruhusiwa kuweka kufuli kwenye mlango wake na kuandika kwenye mlango huo nani aingie na nani asiingie.

Kwenye seva zinazotumia programu ya Apache, iliyoanza mwaka 1995 na ambayo bado inaendesha tovuti nyingi sana duniani, geti ni faili kuu ya mipangilio, na ile ni ya kampuni inayokodisha. Mpangaji haigusi. Maandishi ya mlangoni ndiyo .htaccess. Kila mara mtu anapoomba ukurasa, Apache hupita folda kwa folda kutoka juu kwenda chini, ikitafuta kama kuna faili ya jina hilo, na ikiikuta huisoma na kuitii papo hapo. Hakuna haja ya kuzima mashine wala kumpigia simu mwenye kampuni. Amri ikiandikwa katika folda ya juu, inatawala pia folda zote zilizo ndani yake.

Nukta ile ya mwanzo ina historia ya kuchekesha. Rob Pike, mmoja wa watu waliofanya kazi na waanzilishi wa mfumo wa Unix, alieleza mwaka 2012 kwamba kuficha faili hakukupangwa. Kila folda ilikuwa na alama mbili, nukta moja na nukta mbili, ambazo mafundi hawakutaka kuziona kila wanapoorodhesha faili zao. Fundi mmoja akaiagiza programu iruke kila jina linaloanza na nukta. Alitaka kuruka mawili, akaruka yote. Tangu siku hiyo watu wakaanza kuweka mipangilio yao chini ya nukta ili isisumbue macho. Kwa hiyo kujificha huko hakukuwekwa kwa ajili ya usalama. Faili ya nukta imefichwa machoni pa mwenye nyumba tu, na mwizi anayejua kazi yake huanza kuitafuta hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye folda ya picha za daftari. Seva ikiombwa folda, hutafuta ndani yake ukurasa wa kupokea wageni, ambao mara nyingi huitwa index.html. Usipokuwapo, na kampuni ikiwa haikuzuia, seva hufanya jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: inaandika yenyewe orodha ya kila kilichomo na kumwonyesha aliyeomba. Jina la kila picha, siku iliyowekwa na ukubwa wake. Mtu anabonyeza, anasoma. Mitambo ya kutafuta kama Google nayo hupita, hubonyeza na kuweka kumbukumbu. Hakuna aliyevunja mlango hapo, kwa maana mlango haukuwahi kufungwa.

Dawa ya kwanza ni mstari mmoja ndani ya .htaccess: Options -Indexes. Mstari huo unaikataza seva kuandika orodha. Anayeomba folda anajibiwa kwa namba 403, maana yake hakuruhusiwa. Lakini kijana asidhani amemaliza kazi. Mstari huo unaficha orodha, hauzifichi picha. Mtu anayejua jina kamili la picha bado ataifungua, na picha zilizopigwa kwa simu zina majina yanayofuatana kwa namba, hivyo anayejua moja anaweza kukisia inayofuata.

Dawa ya pili ni neno la siri. Katika .htaccess hiyohiyo fundi anaweza kuagiza kwamba anayeingia folda fulani ajitambulishe, na majina pamoja na maneno ya siri yaliyosagwa yakakaa katika faili nyingine iitwayo .htpasswd. Faili hiyo ya pili iwekwe nje ya folda ya tovuti, ambayo kwenye seva nyingi za pamoja huitwa public_html. Na tovuti iwe inafunguka kwa https, kwa sababu bila hiyo neno la siri hupita hewani karibu wazi, na yeyote anayesikiliza njiani analiokota.

Dawa ya tatu ndiyo bora, nayo haihitaji ufundi mkubwa: orodha za watu zisikae kabisa ndani ya public_html. Kilicho nje ya folda hiyo hakina anwani ya intaneti. Hata .htaccess ikifutika, ikiharibika au ikisahauliwa, daftari halionekani.

Mafundi wengi hawafiki kwenye dawa hii ya tatu, na hapo ndipo hatari ya kweli ilipo, kwa sababu .htaccess ni kali. Herufi moja ikikosewa, tovuti nzima hulala. Badala ya habari na sauti za vipindi, msikilizaji anakuta namba 500 na maneno kwamba seva ina tatizo la ndani. Haielezi mstari gani umekosewa. Sababu ni nyingi. Kampuni fulani hazimruhusu mpangaji kuandika amri ya Options, na ukiiandika tovuti inaanguka hata kama umeiandika sawasawa. Amri za kuzuia zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani zilibadilishwa katika Apache 2.4, iliyotoka mwaka 2012, na mafundisho mengi yanayozunguka bado ni ya kabla ya hapo. Na kuna jambo linalowapata hasa watu wa redio: PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, kwa kawaida hukataa faili inayozidi mega 2 ikipandishwa, na kipindi cha nusu saa kinazidi hapo kwa mbali. Kijana anasoma mahali kwamba aongeze mstari wa php_value ndani ya .htaccess. Kwenye seva fulani unafanya kazi. Kwenye nyingine, ambako PHP inaendeshwa kando, mstari huohuo unaangusha tovuti. Huko mpangilio huo huandikwa katika faili nyingine yenye nukta, .user.ini, na kwa kawaida unaweza kuchukua hadi dakika 5 kabla ya kuonekana. Asiyejua hilo hukata tamaa baada ya dakika moja na kuanza kubadilisha mengine.

Basi fikiria hali hii, ambayo fundi yeyote wa seva ya pamoja anaijua. Ni saa ya habari. Umeme umerudi sasa hivi na haijulikani utakaa hadi saa ngapi. Mega za simu zinakwisha. Tovuti inaonyesha 500. Familia zilizoko mbali, zinazosikiliza kupitia simu habari za vijiji vyao, zinapiga simu kuuliza kulikoni. Rafiki anamwambia fundi kwa simu: futa .htaccess, itarudi. Anafuta. Tovuti inarudi. Wote wanashangilia, na yeye analala.

Ushauri ule haukuwa uongo. Kosa likiwa ndani ya .htaccess, tovuti hurudi kweli ukiiondoa. Lakini kilichoondoka pamoja na kosa ni kufuli. Vipindi vimerudi hewani, na wakati huohuo picha za daftari ziko wazi, na hakuna alama yoyote ya kumwonya. Namba 500 inapiga kelele. Folda iliyo wazi haipigi kelele, na yenye madhara makubwa ni hiyo ya pili.

Hapa pana swali ambalo halijibiwi na kompyuta: kipi kitangulie, sauti au siri? Redio ya mtaani ina deni kwa wasikilizaji wake. Mhami anayesubiri kujua kama njia ya kurudi shambani ni salama anaumia redio ikinyamaza. Lakini saa 2 za ukimya zinaweza kulipwa kesho kwa kurudia kipindi, na jina lililosomwa na asiyepaswa halirudishwi. Kwa sababu hiyo, inapobidi kuchagua, anayetunza tovuti afunge kwanza, ndipo arudishe sauti. Na njia ya kutofika kwenye uchaguzi huo ni kutenganisha vitu hivyo viwili mapema: vipindi vikae kwenye tovuti, orodha zikae kwingine.

Kwa anayefanya kazi hii Barumbu, Kisangani au kokote, taratibu chache zinatosha.

Kwanza, azione faili zake. Katika ukurasa wa cPanel, unaotumiwa na kampuni nyingi za seva za pamoja, sehemu ya faili ina mipangilio ambamo kuna kisanduku cha kuonyesha faili zilizofichwa. Hakiwi na alama mpaka mwenyewe akiweke. Programu ya FileZilla nayo ina agizo la kulazimisha faili hizo zionekane.

Pili, kabla ya kugusa, achukue nakala na kuihifadhi nje ya seva, hata kwenye simu. Nakala ikibaki ndani ya seva, jina lake liendelee kuanza na .ht, kwa mfano .htaccess-ya-zamani, kwa sababu Apache kwa kawaida hukataa kumwonyesha mgeni faili yoyote inayoanza hivyo. Wengi huita nakala jina lolote, na hapo hubadilika kuwa karatasi iliyobandikwa barabarani. Kosa baya zaidi la aina hii ni kunakili faili ya WordPress yenye neno la siri la hifadhi ya data, wp-config.php, na kuiongezea .bak mwishoni. Seva haiitambui tena kama programu, inaitoa kama maandishi ya kawaida kwa kila anayeomba.

Tatu, asiandike moja kwa moja katika faili inayofanya kazi wakati mtandao unakatikakatika. Muunganisho ukianguka katikati, faili inaweza kubaki nusu. Aandike mpya kwa jina lingine, aisome tena polepole, kisha abadilishe majina. Kubadilisha jina ni tendo la mara moja. Abadilishe jambo moja kwa mara moja, na aangalie tovuti kabla ya kwenda kwenye la pili.

Nne, kampuni ikikataa amri ya Options, kuna njia ya maskini isiyoshindwa: kuweka katika kila folda ukurasa mtupu uitwao index.html. Seva ikiukuta, huuonyesha huo badala ya orodha.

Tano, baada ya kila badiliko ajaribu kama mgeni. Achukue simu ya mtu mwingine, asiyeingia kama msimamizi, aandike anwani ya folda na kuona inajibu nini. Jaribio la dakika moja. Ajaribu pia kuingia kupitia Google, kwa sababu wavamizi wakipata nafasi hupenda kuweka .htaccess yao katika folda za ndani, yenye amri ya kuwapeleka kwenye tovuti za udanganyifu wale tu wanaotoka kwenye mitambo ya kutafuta au wanaotumia simu. Mwenye tovuti akiandika anwani kwenye kompyuta yake haoni kitu, wasikilizaji wake ndio wanaopotezwa.

Kuhama kunahitaji uangalifu wa pekee. Chama kinapoacha kampuni ghali na kwenda ya bei nafuu, faili hunakiliwa, na zile zenye nukta ndizo husahauliwa, kwa kuwa hazikuonekana tangu mwanzo. Hata zikinakiliwa, seva mpya inaweza kuwa inatumia nginx, programu ambayo haisomi .htaccess kabisa. Haikatai, haionyeshi kosa, inaipita tu. Tovuti inafunguka vizuri na kufuli zote hazipo. Mhami anaelewa jambo hili kuliko fundi: ukihama kwa haraka, unachosahau ni kile kilichokuwa kimefichwa vizuri.

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya watu wadogo wasiotazamwa na yeyote. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye fedha na wataalamu wengi, ilitangaza kwamba wavamizi waliingia katika seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita, na zilizokusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu vya nchi 60 hivi. Mlango waliopitia ulikuwa wa programu nyingine, iliyochelewa kupewa marekebisho, wala haukuwa .htaccess. Kazi ya kutafuta ndugu waliopotea ilibidi isimamishwe kwa muda. Wavamizi walitaka nini hasa ni jambo lingine. Linalotuhusu ni kwamba orodha ya wanyonge ina thamani kwa watu wengine.

Hapa nchini, sheria ipo. Kanuni ya mambo ya kidijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi na kumpa anayezikusanya wajibu wa kuzitunza. Chama kidogo hakisamehewi kwa sababu ni kidogo. Lakini sheria hufika baada ya madhara, na kutoka Kinshasa hadi kwenye folda ya kijijini ni mbali.

Walio karibu zaidi ni wenye majina. Mama anayeandikishwa ana haki ya kuuliza kabla ya kutaja watoto wake: mwanangu, majina yetu mtayaweka wapi, nani atayasoma, na yatafutwa lini? Si utovu wa adabu, na hakuna anayepaswa kunyimwa mgao kwa kuuliza. Anayeandika naye anaweza kupunguza mzigo kwa kutoandika kisichohitajika. Kabila halihitajiki ili kupima unga. Picha ya uso haihitajiki ili kuhesabu watoto. Kila kisichoandikwa hakihitaji kufuli.

Na ikigundulika kwamba folda ilikuwa wazi, kuficha aibu ni kosa la pili. Faili ziondolewe mara moja, zisifungiwe tu. Google iombwe ifute kumbukumbu zake. Kampuni inayokodisha iombwe daftari la seva, linaloonyesha nani aliomba nini na lini, kabla halijafutwa. Kisha wenye majina waambiwe wazi, kwa lugha wanayoielewa, ili atakayeona ni lazima abadilishe namba ya simu au mahali pa kulala afanye hivyo mapema.

Wavuvi wa Kiwagenia, pale kwenye maporomoko ya Kisangani, hutundika vikapu vyao vikubwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji makali. Mgeni hupiga picha ya miti. Mvuvi huangalia kamba zilizofungwa chini, mahali ambapo mgeni haoni, kwa sababu hizo zikilegea mto unachukua kila kitu. Anayetunza tovuti yenye majina ya watu ana kamba za namna hiyo. Azijue zilipo, azikague kila mwezi, na amfundishe angalau mtu mmoja mwingine, ili siku akisafiri au akihama yeye mwenyewe, kufuli isihame naye.